Mwalimu wa fizikia Mwanza anataka kuiga nyota za nyutroni: aanzie wapi?

*Swali: Nina miaka 28, nafundisha fizikia na hisabati katika sekondari ya serikali hapa Mwanza. Shahada yangu ni ya sayansi na ualimu, GPA 3.8. Nimevutiwa mno na utafiti wa kuiga nyota za nyutroni kwa kompyuta na ningependa kuusomea hadi uzamivu. Nina kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 8, Python naijua kidogo. Wenzangu wananiambia lazima nianze upya na shahada ya astronomia, na kwamba bila kompyuta ya mamilioni hakuna kitu. Kuna wakala mjini anadai milioni mbili na nusu anitafutie nafasi ya uzamivu nje ya nchi. Nianze na lipi, na je, nimeshachelewa?*

Mwalimu, nianze na huyo wakala, kwa sababu hapo ndipo fedha yako inaweza kupotea wiki hii. Usimlipe. Nafasi ya uzamivu katika fizikia haipitii kwa dalali. Ujerumani mwanafunzi wa ngazi hiyo mara nyingi huajiriwa na chuo kwa mkataba na kulipwa mshahara. Marekani idara humwondolea ada na kumpa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Anayekuchagua ni profesa pamoja na kamati ya idara yake, nao huwasiliana na mwombaji moja kwa moja. Baadhi ya vyuo hutoza ada ndogo ya maombi, lakini hiyo hulipwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe, na vingine huisamehe ukiandika kueleza hali yako.

Kuhusu umri, hujachelewa. Miaka 28 ni umri wa kawaida kabisa wa kuanza uzamili.

Sasa hilo la astronomia. Wenzako wanadhani kazi hii ni ya kutazama anga kwa darubini. Sivyo, na wala si kazi ya kutengeneza video za nyota zinazogongana. Picha hizo ni zao la mwisho na ndiyo sehemu nyepesi. Nyota ya nyutroni ni kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka kama supanova. Tungamo lake kwa kawaida ni kama 1.4 ya tungamo la Jua, limebanwa ndani ya tufe lenye nusukipenyo cha kilomita 12 hivi. Katikati yake densiti huzidi ile ya kiini cha atomu, ambayo ni takriban 2.7 × 10¹⁷ kilo kwa mita ya ujazo. Hakuna maabara duniani inayoweza kuishika maada kwa hali hiyo, ikiwa baridi na imetulia. Kwa hiyo mtafiti hubaki na njia moja: anachukua milinganyo ya Einstein, milinganyo ya vimiminika na dhana fulani ya fizikia ya nyuklia, anaipa kompyuta iitatue, kisha analinganisha matokeo na kile ambacho mbingu imetuonyesha. Tarehe 17 Agosti 2017 vigunduzi vya LIGO na Virgo vilinasa mawimbi ya graviti ya nyota mbili za nyutroni zilizoungana umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130, na sekunde 1.7 baadaye setilaiti zikanasa mwali wa gama. Bila uigaji, ishara ile isingetueleza mengi kuhusu maada iliyomo ndani ya nyota hizo.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba astronomia ni sehemu ndogo. Mzigo mkubwa ni fizikia ya nadharia na hisabati ya kompyuta, na wewe tayari umesimama upande huo.

Ushauri wangu mkuu ni huu: kabla ya kuandika barua yoyote ya maombi, iige nyota moja tu, iliyotulia, isiyozunguka, kwa programu uliyoiandika mwenyewe. Kompyuta uliyo nayo inaifanya kazi hiyo kwa sekunde chache.

Darasani unafundisha kwamba kanieneo huongezeka kadiri unavyozama majini, kwa kuwa kila tabaka hubeba uzito wa yaliyo juu yake. Nyota hushikiliwa na kanuni hiyohiyo. Mwaka 1939 wanafizikia Tolman, na Oppenheimer pamoja na Volkoff, waliiandika upya kwa kufuata uhusianifu wa jumla, yaani nadharia ya Einstein ya graviti. Katika vipimo ambamo kasi ya mwanga, thabiti ya graviti (G) na tungamo la Jua vyote ni 1, milinganyo yao ni hii:

dm/dr = 4πr²ε

dP/dr = −(ε + P)(m + 4πr³P) / [r(r − 2m)]

Hapa m ni tungamo lililomo ndani ya nusukipenyo r, P ni kanieneo, na ε ni densiti ya nishati yote. Linganisha na ule wa Newton, −ρm/r², ambamo ρ ni densiti ya maada, utaona Einstein amefanya mabadiliko matatu. Kanieneo imeongezwa kwenye ε, imeongezwa tena kwenye m, na kigawanyo kimepungua kwa sababu nafasi yenyewe imepinda. Yote matatu huifanya graviti iwe kali zaidi. Kaa hapo utafakari, maana ndipo siri ya nyota hizi ilipo: kanieneo inayopaswa kuizuia nyota isiporomoke nayo inazaa graviti. Kwa hiyo kuna kiwango cha tungamo ambacho ukikivuka, kuongeza kanieneo hakusaidii tena, na nyota inakuwa shimo jeusi.

Milinganyo hiyo miwili haitoshi. Unahitaji wa tatu unaounganisha kanieneo na densiti, yaani mlinganyo wa hali. Anza na rahisi: P = Kρ², K ikiwa 100, na ε = ρ + P. Chagua densiti ya katikati 0.00128, ambayo ni kama 7.9 × 10¹⁷ kilo kwa mita ya ujazo. Kanieneo ya katikati itakuwa 0.00016384 na ε itakuwa 0.00144384. Usianzie r = 0, kwa kuwa utagawanya kwa sifuri; anzia r ndogo, tuseme 0.001, ukiweka m = (4/3)πr³ε. Songa mbele kwa njia ya Runge-Kutta ya daraja la nne, inayotatua milinganyo tofautishi kwa hatua ndogondogo, hatua ya 0.001, hadi P ishuke karibu na sifuri. Hapo umefika usoni pa nyota.

Jibu sahihi linajulikana, na makundi ya utafiti hulitumia kupimia programu zao: tungamo 1.40 la Jua na nusukipenyo 9.59. Zidisha kwa kilomita 1.4767, upate kilomita 14.16 hivi. Ukipata tofauti, kosa la kwanza la kukagua ni kama umeweka ρ mahali pa ε. Ukiona neno la kompyuta linalomaanisha "si namba", basi hatua ya mwisho imeivuka nyota, P imekuwa hasi, nawe umeitafutia kipeuo cha pili. Weka sharti la kusimama kabla ya hapo. Kisha gawa hatua kwa mbili, na tena kwa mbili, uandike jedwali la jinsi jibu linavyobadilika. Njia hiyo inapaswa kupunguza kosa mara 16 kila unapopunguza hatua kwa nusu, ila karibu na uso wa nyota utaona haitimizi ahadi hiyo, kwa sababu mahali nyota inapoishia hapaangukii sawasawa kwenye hatua yako. Wataalamu hulikwepa hilo kwa kutumia enthalpi (kigezo kinachounganisha nishati na kanieneo ya maada) badala ya r kama kigezo cha kusonga mbele, kwa kuwa thamani yake usoni inajulikana tangu mwanzo. Jaribu njia zote mbili. Jedwali hilo lina uzito kwa profesa kuliko cheti cha mafunzo ya mtandaoni, maana linaonyesha kwamba hulikubali jibu la kompyuta kwa imani.

Baada ya hapo rudia kwa densiti nyingi za katikati na uchore tungamo dhidi ya nusukipenyo. Mchoro utapanda hadi takriban 1.64 densiti ikiwa karibu 0.0032, kisha utashuka. Nyota zilizo upande wa kushuka haziwi imara. Sasa fikiria pulsa, yaani nyota ya nyutroni inayozunguka na kutuma mapigo ya redio, iitwayo J0740+6620, ambayo tungamo lake limepimwa kuwa karibu 2.08 ya tungamo la Jua. Mlinganyo wako wa hali hauwezi kuibeba, kwa hiyo maumbile yamekwisha kuukataa. Hapo umefanya, kwa udogo, kile kinachofanywa na utafiti wote wa fani hii. Pakua jedwali la mlinganyo wa hali wa kweli kutoka hifadhi ya CompOSE, ambayo ni bure, ufanye ukadiriaji kati ya pointi kwa logi za thamani na si kwa thamani zenyewe, urudie mchoro.

Unaweza kusonga hatua moja zaidi bila kuongeza RAM: ongeza mlinganyo mmoja tofautishi unaokokotoa jinsi nyota inavyovutwa na kubadilishwa umbo na graviti ya mwenzake. Kipimo hicho ndicho tukio la 2017 lilichokibana. Kwa nyota ya 1.4 uchambuzi wa kwanza ulikiweka chini ya takriban 800. Tasnifu nzuri ya uzamili inaweza kujengwa juu ya kazi hii peke yake.

Nyota inayotikisika au inayogongana na nyingine ni habari nyingine, na hapa wenzako wana ukweli kiasi kuhusu kompyuta. Fanya hesabu mwenyewe. Kompyuta huigawa nafasi kuwa gridi, yaani pointi zilizopangwa kwa safu, na kukokotoa katika kila pointi. Gridi ya pointi 200 kila upande ina pointi milioni 8. Kila pointi ikibeba vigezo 200 vya baiti 8, unahitaji gigabaiti 12.8, na kompyuta yako ina 8. Gridi ya 100 kila upande inahitaji gigabaiti 1.6 tu, nayo inaingia. Ukitumia ulinganifu na kuiga moja ya nane ya nyota, unapata nafasi zaidi. Lakini ukitaka kupunguza umbali kati ya pointi kwa nusu, kumbukumbu huongezeka mara 8 na kazi mara 16, kwa kuwa hatua ya muda nayo lazima ifupishwe. Habari ndani ya gridi haipaswi kuruka pointi moja kabla ya programu kuiona. Kwa pointi zilizoachana mita 200, milisekunde 30 za mgongano kwa kawaida huhitaji hatua karibu laki moja au zaidi.

Na mita 200 ni pana. Anayetupa wavu wa sangara hapo Mwaloni hawezi kusema ziwa halina dagaa. Matundu ya wavu wake hayakuwa ya kuwashika. Gridi nayo iko hivyo: misukosuko ya sumaku inayotokea nyota zinapogusana ni midogo kuliko mita 200, na gridi pana huionyesha kana kwamba haipo. Kwa hiyo makundi makubwa hushuka hadi makumi ya mita na hata chini ya hapo, kwa kompyuta kuu za kitaifa. Kompyuta hizo hazinunuliwi na mtu binafsi. Kundi huomba saa za matumizi, na mwanafunzi huingia kwa intaneti kutoka popote alipo, kwa dirisha la maandishi lisilokula bando kubwa. Kwa Afrika kusini ya Sahara kituo kinachojulikana zaidi ni CHPC cha Cape Town.

Ukiwa bado nyumbani, sakinisha Linux na ujaribu Einstein Toolkit, mkusanyiko wa programu huria ambao makundi mengi hutumia. Pakua ukiwa na intaneti nzuri, na uipe kompyuta muda wa kuijenga. Mfano wake wa nyota moja iliyotulia ndio uliokwisha kuukokotoa kwa mkono wako. Utaona nyota inatikisika ingawa hukuigusa. Usishtuke. Makosa madogo ya gridi ndiyo yanayoisukuma, na ukiongeza pointi mtikisiko lazima upungue. Usipopungua, kuna kosa. Mtikisiko huo una masafa yake: karibu kilohezi 1.44 ukiiacha graviti ibadilike, na karibu 2.7 ukiigandisha. Ukipata namba zote mbili, mashine yako inafanya kazi.

Matatizo mengi yatatokea usoni pa nyota. Nje yake hakuna maada, na programu haiwezi kukokotoa kasi ya kitu kisichokuwepo, kwa hiyo hujaza anga bandia lenye densiti ndogo sana. Ukiliweka zito mno linaibana nyota. Ukiliweka jepesi mno, hesabu ya kurudisha kanieneo na kasi kutoka nishati na kani-mwendo inashindwa na kazi yote inakatika. Pia washa uhifadhi wa hali ya kazi kila nusu saa. Umeme ukikatika utaendelea pale ulipoishia, na tabia hiyo utaihitaji hata kwenye kompyuta kuu, ambako kila kazi hukatwa baada ya saa ilizopangiwa.

Pengo lako halisi, Mwalimu, liko kwenye masomo uliyokosa. Shahada ya ualimu hugawa muda kati ya fizikia, hisabati na ufundishaji, kwa hiyo kagua transkripti yako: je, ulisoma mekanika ya Lagrange, sumakuumeme ya Maxwell kwa kina, kwantamu mihula miwili, fizikia takwimu, na milinganyo tofautishi ya vigezo vingi? Yasiyokuwepo ndiyo sababu ya kupita kwenye uzamili badala ya kurukia uzamivu, ingawa Marekani huruhusu kuingia na shahada ya kwanza.

Uzamili wa fizikia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uko karibu, ila mada ya tasnifu hutegemea msimamizi aliyepo. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati yenye kampasi Rwanda miongoni mwa nchi nyingine, kwa kawaida hugharamia kila kitu na itakunoa katika kuandika programu, lakini ni hisabati pana ya mwaka mmoja hivi na pengo la fizikia linaweza kubaki. Kigali pia ipo EAIFR, taasisi ya Chuo Kikuu cha Rwanda inayoshirikiana na ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia), nayo ni ya fizikia hasa. Kwako ni safari ya barabara kupitia mpaka wa Rusumo. Na ICTP yenyewe, iliyoanzishwa na Abdus Salam huko Trieste, Italia, mwaka 1964, ina diploma ya mwaka mmoja yenye ufadhili kwa vijana wa nchi zinazoendelea. Ni ngumu, na imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye pengo kama lako. Mimi ningeomba Kigali na Trieste mwaka mmoja, Mlimani ikiwa akiba. AIMS ningeiweka mbele kama utaona zoezi la nyota limekukwaza kwenye programu kuliko kwenye fizikia.

Usiondoke kazini kimyakimya. Omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri kwa maandishi na usubiri jibu, kwa kuwa mtumishi wa umma anayeondoka bila ruhusa huhesabiwa mtoro na anaweza kupoteza ajira. Kabla ya kukubali nafasi yoyote ya nje, ulizia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama tuzo hiyo inatambuliwa.

Utakapofika kwenye uzamivu, tafuta msimamizi kabla ya kutafuta nchi. Makundi yenye historia ndefu yapo Frankfurt, Jena na Potsdam kule Ujerumani, Kyoto nchini Japani, Illinois nchini Marekani. Na kwa jirani zetu, Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, kimefanya utafiti wa uhusianifu kwa kompyuta. Soma makala mbili au tatu za mtu unayemwandikia. Barua iwe ya aya tatu: umefanya nini, swali gani katika kazi yake limekuvuta, unaomba nini. Weka kiungo cha programu yako. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa arobaini hutambulika kwa mstari wa kwanza, nayo haijibiwi.

Lazima pia nikwambie wazi kuhusu ajira. Nafasi za kudumu za utafiti huu ni chache dunia nzima, na wengi wenye uzamivu wake huishia kwenye takwimu, hali ya hewa, benki au kampuni za programu. Hesabu yenyewe hata hivyo haipotei. Njia zinazofuata wimbi la mshtuko ndani ya nyota ni za ukoo mmoja na zile zinazoiga mikondo ya ziwa na dhoruba zinazowazukia wavuvi usiku. Mtu anayezijua vizuri ana kazi ya kufanya hapahapa Mwanza. Kama utulivu wa kipato kwa familia ndio jambo la kwanza kwako kwa miaka mitano ijayo, kaa na mwenzi wako au wazazi mlizungumze kabla ya maombi.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Ukikwama kwenye zoezi la nyota zaidi ya wiki tatu, usiendelee kuhangaika peke yako. Mtafute mhadhiri wa fizikia au hisabati mkae na programu hiyo mezani, mara nyingi kosa huonekana ndani ya nusu saa. Likizo ya Juni au Desemba panda Mlimani, ukiwa umeomba miadi mapema. Beba transkripti, mchoro wa tungamo dhidi ya nusukipenyo, na lile jedwali la hatua. Muulize mhadhiri ni kozi zipi anaona zimepungua, na kama yuko tayari kukuandikia barua ya mapendekezo baada ya kukuona ukifanya kazi kwa miezi kadhaa. Na kama fedha imeshaenda kwa wakala, hata kidogo, chukua risiti na ujumbe wa simu uende navyo kituo cha polisi mapema iwezekanavyo.